Uzinzi au Ugoni? Kumsoma Lysias kwa Kiswahili

Nilipoombwa na wenzangu wa idara niandae matini za kusomwa katika kozi ya fasihi linganishi, niliichagua, miongoni mwa nyingine, hotuba ya Lysias inayohusu kuuawa kwa Eratosthenes. Sababu zangu zilikuwa nyepesi. Hotuba yenyewe ni fupi, lugha yake ni nyofu, na kisa chake, cha mume anayemfumania mkewe usiku, hakihitaji maelezo mengi ya mhadhiri ili kieleweke. Niliitafsiri mwenyewe, nikitegemea Kiyunani kidogo nilichofunzwa seminarini kabla sijaiacha njia ya upadri, pamoja na tafsiri mbili tatu za Kiingereza zilizokuwa maktabani. Tafsiri hiyo nimeisomesha kwa miaka mingi. Insha hii inahusu neno moja ndani yake ambalo nililikosea, na mambo ambayo kosa hilo lilinificha mimi na kuwaficha wanafunzi wangu.

Neno lenyewe ni moicheia. Nililitafsiri "uzinzi", wala sikusita. Mtu aliyejifunza Kiyunani kwa kusoma Agano Jipya hana sababu ya kusita: neno ni lile lile linalotumiwa katika Injili ya Yohana, sura ya 8, kumhusu mwanamke aliyeletwa mbele ya Yesu, na Biblia ya Kiswahili imekwisha kuamua kwamba hilo ni uzinzi. Basi nikaandika uzinzi, mzinzi, wazinzi, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Aidha, ili kuwachangamsha wanafunzi kabla ya kusoma, nilikuwa na desturi ya kuwasimulia kwanza kisa cha fumanizi lililotokea kijijini kwetu nilipokuwa mtoto. Kisa hicho nilikisimulia vizuri. Wanafunzi walikuwa wakicheka, nami nikiona kwamba mlango wa kuingilia Athens umefunguka.

Kwa wale wasioijua hotuba hii, yafaa niieleze kwa kifupi. Euphiletos ni mkulima wa kiasi mwenye nyumba ndogo ya orofa mbili. Ameshtakiwa na jamaa za Eratosthenes kwamba amemwua ndugu yao, naye hakani kuua. Anachodai ni kwamba sheria ilimruhusu. Lysias, aliyemwandikia hotuba, ndiye aliyekuwa na kipawa. Euphiletos alikuwa na kesi tu. Ikumbukwe kwamba Lysias alikuwa mtoto wa mgeni kutoka Syracuse aliyelowea Athens, na kwa kuwa hakuwa raia aliishi kwa kuwaandikia wengine maneno ya kusema mahakamani. Mshtakiwa anasimulia jinsi alivyooa, jinsi alivyomchunga mkewe kwa kiasi mwanzoni, na jinsi alivyomwamini kabisa baada ya mtoto kuzaliwa. Mtoto huyo ndiye aliyebadili mpango wa nyumba: ili mama asije akaanguka ngazini kila anaposhuka kumwosha mwanawe, mume alihamia juu, na wanawake wakashuka chini. Mamake mume akafa. Mke akaenda maziko, na huko Eratosthenes akamwona. Akamvizia kijakazi aliyekuwa akienda sokoni, akampitishia maneno.

Usiku mmoja mume alirudi kutoka shamba bila kutarajiwa. Mtoto akalia chini, kwa kuwa kijakazi alimchokoza makusudi. Mume akamwambia mkewe aende amnyonyeshe. Mke akakataa kwanza, kisha akasema kwa mzaha kwamba mumewe anataka aondoke ili abaki na kijakazi, kwani siku moja akiwa amelewa alikwisha kumvutavuta. Mume akacheka. Mke akatoka, akaufunga mlango kwa nje kana kwamba anatania, akauchukua ufunguo. Asubuhi mume alipouliza kwa nini milango ililia usiku, aliambiwa kwamba taa ya mtoto ilizimika na ikabidi iwashwe kwa jirani. Aliona kama kwamba mkewe amejipaka poda usoni, ilhali nduguye mke alikuwa amefariki hata siku 30 hazijatimia. Hakusema neno.

Yaliyofuata ni ya haraka. Kikongwe mmoja, aliyetumwa na mwanamke mwingine ambaye Eratosthenes alikuwa amemwacha, alimtobolea Euphiletos siri. Kijakazi akatishwa kwa mijeledi na kwa kazi ya kusaga kinuni, akakiri, akaamriwa awe mpelelezi. Siku chache baadaye Eratosthenes aliingia; kijakazi akamwamsha bwana wake; bwana akapita nyumba kwa nyumba akiwakusanya majirani, wakanunua mienge katika duka la karibu, wakaingia kwa mlango ambao kijakazi alikuwa ameuacha wazi. Mgoni akapigwa, akaanguka, akafungwa mikono nyuma. Aliomba asiuawe, akajitolea kulipa fedha. Euphiletos anadai kwamba alimjibu kuwa anayemwua si yeye, ni sheria ya mji. Upande wa mashtaka, kama tunavyotambua kutokana na majibu yake, ulidai kwamba marehemu alitegwa, akaburutwa kutoka njiani, na kwamba aliuawa akiwa amekimbilia mekoni, mahali patakatifu pa nyumba. Hukumu ya mahakama haikutufikia.

Nimeandika "mgoni" hapo juu. Zamani ningaliandika "mzinzi". Aliyenitoa katika neno hilo ni mwanafunzi mmoja wa kike kutoka Tanga, aliyekaa nyuma na ambaye kwa wiki kadhaa sikuwa nimesikia sauti yake. Aliuliza: "Mwalimu, umeandika uzinzi. Katika hotuba hii Mungu aliyekosewa ni yupi?" Nikaanza kujibu kwa kuitaja Hera, mlinzi wa ndoa, lakini nikanyamaza katikati, maana Hera hatajwi popote katika hotuba. Akaendelea: "Kwetu hii si kesi ya uzinzi. Ni kesi ya ugoni."

Alikuwa amesema kweli kuliko alivyodhani. Uzinzi ni dhambi. Neno hili, kwa Waislamu na kwa Wakristo wanaosema Kiswahili, humweka Muumba kuwa ndiye mkosewa wa kwanza, na mbele yake mwanamume na mwanamke wote wawili wana hatia. Ugoni ni jambo jingine. Ugoni una mdai na mdaiwa, una fidia. Katika usemi niliolelewa nao, mgoni ni mwanamume, na mwenye kugoniwa ni mwanamume mwenziwe; mwanamke ndiye kitu kilichopita baina yao. Na ndivyo Kiyunani cha zama za Lysias kinavyosema: kitendo cha moicheia kwa kawaida hutajwa katika kauli ya kutenda mtendaji akiwa mwanamume, na katika kauli ya kutendwa anapotajwa mwanamke. Neno lile lile lilipofika katika Injili, baada ya karne zaidi ya nne na baada ya kupitia katika tafsiri ya Kiyunani ya Torati, lilikuwa limebeba amri ya Sinai mgongoni. Mimi nililichukua pamoja na mzigo huo, nikaurudisha Athens kwa watu ambao hawakuujua.

Tangu siku hiyo nimezisoma upya matini nyingi za Wayunani nikiwa na neno ugoni mkononi, na nimestaajabu jinsi milango inavyofunguka. Chukua mfano wa kitabu cha 8 cha Odyssey. Hephaistos, mhunzi wa miungu aliye kiwete, anapashwa habari na Jua kwamba mkewe Aphrodite analala na Ares. Anafua wavu mwembamba usioonekana, anautega kitandani, anajifanya amesafiri, kisha anawafumania. Anawaita miungu wote waje waone. Miungu wanaume wanakuja, wanacheka kicheko kisichokoma. Miungu wanawake wanabaki nyumbani kwa haya. Na mume aliyefumania anadai nini? Anadai mkwewe Zeus amrudishie mahari. Poseidon anajitolea kuwa mdhamini wa fidia ya mgoni, na Kiyunani kina neno moja mahsusi la fidia hiyo, moichagria, ambalo watafsiri wa Kiingereza hulizungukazunguka lakini ambalo Mswahili analo tayari: fidia ya ugoni. Kila kitu kimo humo: mahari, mdhamini, mashahidi, kicheko. Hakuna dhambi. Sisemi kwamba Wayunani wote waliridhika na kisa hicho. Xenophanes alilalamika kwamba Homer na Hesiod wamewabandika miungu wizi, ugoni na ulaghai, na Plato katika Jamhuri anakitaja kisa hiki hiki cha wavu miongoni mwa visivyofaa kusikizwa na vijana. Lakini malalamiko ni ya wanafalsafa. Kicheko ni cha ukumbi mzima.

Huko Gortyn katika kisiwa cha Krete sheria zilichongwa ukutani mnamo katikati ya karne ya 5 K.K., nazo bado zinasomeka. Mwanamume huru akifumaniwa na mwanamke huru katika nyumba ya baba yake mwanamke, au ya nduguye, au ya mumewe, hulipa stateri 100. Akifumaniwa katika nyumba nyingine yoyote hulipa 50. Mtumwa aliyefumaniwa na mwanamke huru hulipa maradufu. Jamaa za mgoni hupewa siku 5 za kumkomboa. Ajabu iliyonikaa moyoni si viwango hivyo, bali ni ule ukweli kwamba kitendo ni kimoja, mwanamke ni yule yule, na bado faini hupungua kwa nusu kwa sababu ya paa lililo juu yao. Kinachopimwa ni kuingiliwa kwa nyumba. Aliyembaka mtu huru katika mji huo alilipa stateri 100, sawasawa na aliyemshawishi mke nyumbani kwa mumewe.

Hapa ndipo tunapofikia sehemu ya hotuba ya Lysias ambayo kila mwaka ilizua mjadala darasani. Euphiletos anaiambia mahakama kwamba mtunga sheria aliwaona wenye kubaka kuwa na kosa dogo kuliko wenye kushawishi: mbakaji hulipa fidia, mgoni huuawa. Hoja yake ni kwamba anayetumia nguvu huchukiwa na aliyemtenda, bali anayeshawishi huiharibu roho ya mke, akamfanya awe wake kuliko wa mumewe, nyumba yote ikawa mikononi mwake, na watoto wasijulikane ni wa nani. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba hayo ndiyo yaliyokuwa maoni ya Wayunani. Kusema hivyo ni kosa la uhakiki ambalo sisi wenyewe tungelikemea kama mtu angeyatwaa maneno ya mhusika mmoja wa tamthilia yetu na kuyaita maoni ya Waafrika. Mnamo 1990 Edward M. Harris alionyesha katika makala mashuhuri kwamba Euphiletos anachagua sheria zinazomfaa na kuzinyamazia nyingine, kwani ubakaji uliweza pia kushtakiwa chini ya sheria ya hubris, yaani dharau na udhalilishaji, na adhabu yake ingeweza kuwa kifo. Mshtakiwa aliye hatarini hasimulii mila za taifa lake. Anaokoa shingo yake.

Hata hivyo hoja yake isingalikuwa na faida kama wasikilizaji wasingalikuwa tayari kuishika. Ile hofu ya watoto wasiojulikana ilikuwa na msingi wa kisheria. Mwaka wa 451 K.K. Pericles alipitisha sheria kwamba raia wa Athens ni yule tu ambaye baba na mama yake wote ni wa jamii ya raia. Tangu hapo kitanda cha ndoa kilikuwa afisi ya uandikishaji. Mtoto wa mgoni hakuwa aibu ya nyumba tu, alikuwa mwizi wa urithi na wa uraia, na mume aliyefumania halafu akaendelea kukaa na mkewe alipoteza haki zake za uraia. Mwanamke mwenyewe alikatazwa kuingia katika mahekalu ya umma; akiingia, yeyote aliweza kumtenda atakavyo, ilimradi asimwue. Kwa mwanamke wa Athens, ambaye ibada zilikuwa karibu njia pekee ya kutoka na kuonekana miongoni mwa watu, hiyo ilikuwa ni kuzikwa akiwa hai.

Sheria ya zamani zaidi, ile ya Draco, ambayo Euphiletos anaisimamia, inataja wanawake ambao mwanamume akimkuta mtu juu yao anaweza kuua bila hatia: mke, mama, dada, binti, na mwanamke mwingine anayeitwa pallake, aliyewekwa kwa ajili ya kuzaa watoto huru. Neno hili la mwisho limewapa taabu watafsiri wa Kizungu. Mimi nililiandika "hawara", nikidhani nimetenda vyema. Mwanafunzi yule yule wa Tanga akanisahihisha kwa neno ambalo historia ya pwani yetu ilikuwa imeniwekea: suria. Suria si hawara. Ana nafasi yake katika sheria ya nyumba, na watoto wake huzaliwa huru. Sitaki kudai kwamba Athens na Unguja zilikuwa na mila moja, la hasha. Lakini jamii iliyowahi kuwa na watumwa ndani ya nyumba huwa na maneno ambayo jamii nyingine hulazimika kuyaeleza kwa sentensi nzima.

Na watumwa ndio tuliowasahau kwa urahisi zaidi. Nirudi kwa ule mzaha wa mke. Anamwambia mumewe kwamba alikwisha kumvutavuta kijakazi, na mume, akiwa mahakamani, anaurudia mzaha huo mwenyewe, bila haya, mbele ya wanaume wenziwe! Anaurudia kwa sababu unamfaa: unaonyesha jinsi alivyokuwa mume mpole, asiyeshuku. Hakuna mtu katika baraza lile aliyedhani kwamba amekiri kosa. Kijakazi hakuwa na mume, baba wala ndugu ambaye sheria ingemtambua, basi hapakuwa na mtu wa kudai fidia, na pasipo mdai hapana ugoni. Maneno ya Apollodorus katika kesi dhidi ya Neaira yamekuwa maarufu kupita kiasi, pale anapowagawa wanawake katika makundi matatu, wa anasa, wa kuuhudumia mwili kila siku, na wa kuzaa watoto halali na kulinda nyumba. Wanafunzi huyakariri maneno hayo kana kwamba ni katiba. Lakini angalau wale wa makundi yake matatu walitajwa. Kijakazi wa Euphiletos aliingiliwa, akatishwa, akatumwa, akafungua mlango. Na upande wa mashtaka ulidai kwamba ni yeye aliyetumwa kumwita Eratosthenes siku hiyo. Hatujui jina lake. Hatulijui la mke pia. Kikongwe hana jina, wala mwanamke aliyemtuma. Miongoni mwa wenye majina ni Euphiletos, Eratosthenes, na rafiki mmoja, Sostratos, ambaye kazi yake katika kisa ni kula chakula cha jioni na kwenda zake.

Yaweza kusemwa kwamba jukwaa liliwapa wanawake sauti ambayo mahakama iliwanyima. Ni kweli kwa kiasi fulani. Medea wa Euripides, mwaka wa 431 K.K., anasema mambo kuhusu ndoa ambayo mke wa Euphiletos hangethubutu kuyanong'ona. Lakini Phaedra ni ushahidi wa upande wa pili. Imepokewa kwamba Euripides aliandika kwanza tamthilia ambamo Phaedra alimtongoza mtoto wa mumewe waziwazi, na kwamba iliwachukiza watu. Akaiandika upya, akamfanya Phaedra ashindane na tamaa yake hadi kufa kuliko kusema, na hiyo ya pili, Hippolytos, ikapata tuzo ya kwanza mwaka wa 428 K.K. Mwanamke aliruhusiwa kutamani, sharti aone haya. Miaka 17 baadaye Aristophanes aliwachekesha watu kwa kumwonyesha mwanamume aliyejivika nguo za kike akitoboa siri za wake na mahawara wao. Sauti za wanawake hao zote zilitungwa na wanaume, zikatamkwa na wanaume waliovaa vinyago.

Lazima niseme neno kuhusu sifa ambayo Wayunani wanayo katika mazungumzo yetu ya vyumba vya wahadhiri, kwamba walikuwa watu wasiojua haya, wanaume wakapendana na vijana hadharani na hakuna aliyejali. Sifa hiyo hutolewa na wawili: anayewalaani na anayewatamani. Wote hawajasoma. Katika Karamu ya Plato yule Pausanias anayeyasifu mapenzi hayo ndiye anayekiri kwamba akina baba waliwawekea wana wao walezi ili wasizungumze na wanaowatafuta, na kwamba wenzao wa rika waliwacheka. Aeschines, alipomshtaki Timarchus katika miaka ya 346 na 345 K.K., alizisoma sheria zilizozuia shule kufunguliwa kabla ya jua kuchomoza, na zikaamuru zifungwe kabla halijatua, kwa sababu mji haukuwaamini watu wazima gizani pamoja na watoto. Timarchus alishindwa kesi, akapoteza haki zake, kwa kuwa raia aliyeuza mwili wake alihesabiwa kuwa yuko tayari kuuza na mji. Mji uliozihitaji sheria kama hizo haukuwa na moyo mmoja katika jambo hili. Watoto wenyewe walionaje, hakuna aliyewauliza, kama asivyoulizwa kijakazi. Na Wasparta walikuwa mbali zaidi: Xenophon anaeleza kwamba huko mume mzee aliruhusiwa kumleta kijana mwenye sifa njema azae na mkewe, na Plutarch anapokea kutoka kwao majigambo kwamba ugoni haujulikani Sparta. Bila shaka. Mume akimwita mgeni mwenyewe, ugoni utatoka wapi?

Dhana zenyewe hazisimami mahali pamoja, hata katika Kiswahili. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 ilimruhusu mke pia kumdai fidia mwanamke aliyefanya ugoni na mumewe. Neno lililokuwa la wanaume wawili likapewa mdai wa tatu. Nilimwambia mwanafunzi wangu kwamba hayo ni maendeleo. Akasema labda, lakini bado ni bei.

Baada ya kubadili neno katika kurasa zote, niliziweka matini mbili pamoja kwa mara ya kwanza, hotuba ya Lysias na sura ya 8 ya Yohana. Katika zote watu wamefumaniwa. Katika Injili mwanamke ameletwa hadharani, na mwanamume hayupo. Hakuna anayeuliza alikokwenda. Kwa Lysias mwanamume amelala sakafuni amekufa, na mwanamke hayupo. Tangu mlango unaposukumwa, mke wa Euphiletos hatendi wala hasemi kitu. Hapigi ukelele. Tunaambiwa kwamba walioingia kwanza walimwona mgoni amelala kando ya mke, na walioingia nyuma walimwona amesimama kitandani uchi. Macho yote yako kwake. Mwanamke aliyekuwa na akili ya kutania, ya kufunga mlango na kuuchukua ufunguo, ametoweka katika hotuba kama moshi, na mtoto mchanga pamoja naye. Nimeisoma hotuba hii mara zisizohesabika na sikuwahi kuliona pengo hilo. Nilikuwa nikiyatazama mapigo.

Ndipo nilipokikumbuka kisa changu cha kijijini, kile cha kuwachekesha wanafunzi. Nilikuwa na umri wa miaka kama 10. Jirani yetu alikuja kwetu usiku, akamnong'oneza baba, na kwa kuwa mtoto anayepita njiani hatiliwi shaka, mimi ndimi niliyepewa kandili nikaambiwa niende nyumba kwa nyumba kuwaita wanaume. Nilikwenda mbio. Nilijiona nimekuwa mtu. Katika masimulizi yangu kulikuwa na mgoni anayeruka dirishani akanasa shati, kulikuwa na mzee mmoja aliyekuja na rungu akiwa amevaa shuka ya mkewe, na kulikuwa na baraza la asubuhi ambapo mgoni alitozwa mtamba mmoja na mbuzi wawili, akateta kuhusu yule mbuzi wa pili. Hapo darasa lote lilikuwa likicheka. Mwanamke hakuwamo. Nilijua, kwa sababu niliona kwa macho yangu, kwamba kulipokucha aliteremka njia ya kwenda kwao na bahasha ya nguo kichwani, na kwamba mtoto alibaki. Sikuwahi kulisimulia hilo. Halikuwa na mahali katika hadithi.

Likizo iliyofuata nilikwenda nyumbani, nikamwuliza dada yangu mkubwa jina la mwanamke yule. Mimi nilimjua kwa jina la mwanawe tu, Mama fulani. Dada alinitajia jina lake, akanieleza alikoolewa baadaye na mwaka aliofariki. Alinieleza pia kwamba yule mtoto alilelewa na nyanya yake, na kwamba mama alikuwa akija siku za soko, akikaa mbali chini ya mwembe, amtazame akipita. Nikamwuliza kama kuna mtu aliyewahi kumwuliza neno lolote, siku ile au baadaye. Dada alikuwa akichambua mboga, hakuinua uso. "Nani angemwuliza?" alisema. "Wewe si ndiye uliyeshika taa? Mbona hukumwuliza?"